Nyumba ya marehemu mzee huko Chuno haiuziki, dalali anasema tupande maua. Kweli au ananizungusha?

Mchuno wa Dar (Agosti 9)

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Tuna nyumba ya marehemu mzee wetu pale Chuno, Mtwara. Vyumba vinne, bati jekundu, hati ipo, kisima kipo, mirathi imeshafungwa na ndugu wote watano tumekubaliana kuuza. Haina mgogoro wala mpangaji. Iko sokoni tangu Januari na wateja wamekuja watatu tu. Wa kwanza alitaja bei ya kiwanja kitupu. Wa pili alisema atarudi. Wa tatu ndiye aliyeniuma. Dada yangu alikuwa anamsubiri getini, funguo mkononi. Yule bwana akasimamisha gari, akashusha kioo, akaangalia kama dakika moja hivi, akapandisha kioo akaondoka. Hata salamu hakutoa.

Nikiri kwamba mbele ya nyumba ni mchanga mtupu. Kuna mstafeli uliokauka nusu, rundo la tofali zilizobaki mzee alipojenga banda la kuku, na ukuta ambao chini kote umerukiwa na udongo wa mvua. Dalali kaniambia, "Kaka, weka maua pale mbele, utaniambia." Mimi niko Dar, dada ndiye yuko huko, anakaa Magomeni ya hukohuko Mtwara. Tumechanga laki mbili. Je, iende kwenye maua kweli? Na ni maua gani yatakubali Mtwara mwezi wa nane huu, maana mimi maua nayaona kwa wenzangu tu.

Korosho Ghafi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shusha bei mkuu, hayo maua wataishia kula mbuzi.

Binti Mikindani

Pole kwa kuondokewa na mzee. Kabla ya maua mimi ningeondoa tofali na huo mstafeli. Mtu akiona rundo la tofali anaanza kuhesabu kazi iliyobaki. Tena ziuze, upate hela ya rangi. Ile sehemu ya chini ya ukuta msiirudishie nyeupe, pakeni kahawia au kijivu mpaka usawa wa goti, mvua zikija hazitawaumbua tena.

Dalali Mstaafu

Mleta mada, dalali wako hajakuzungusha ila amekupa jibu nusu.

Nimeifanya kazi hii Mtwara tangu kabla ya bomba la gesi. Miaka ile ya 2012 na 2013 mtu alikuwa anauza kiwanja kwa simu, mnunuzi yuko Dar, mkorosho hajawahi kuuona. Nyumba imebanduka plasta na bado inagombewa. Siku hizo zimekwisha. Sasa hivi mteja anazungushwa nyumba tano kwa asubuhi moja juu ya bodaboda, na akirudi kwake zote zimemchanganyikia kichwani. Jioni anakupigia: "Ile ya ua la zambarau getini, walisema bei gani vile?" Mtaa amesahau, jina la mwenye nyumba amesahau, ua analikumbuka.

Nusu ya pili ni hii. Huku kwetu mvua ikikatika Mei hairudi mpaka Novemba au Desemba. Ikifika Oktoba mji mzima una rangi ya gunia. Nyumba yenye kijani mwezi huo inamwambia mpita njia kwamba ndani kuna mtu na kuna maji. Swali la kwanza la mteja linakuwa "Maji mnatoa wapi?" Akiuliza hilo ujue ameshashuka kwenye gari.

Na angalia kalenda. Minada ya korosho inaanza Oktoba, watu wa Tandahimba na Newala wakishalipwa baadhi yao wanatafuta nyumba mjini, watoto wasome. Una wiki kumi hivi. Zinatosha ukianza wiki hii.

MamaVyungu

Nauza miche hapahapa mjini, kwa hiyo mkisema navutia kwangu ni halali yenu, lakini nitasema.

Laki mbili ni nyingi, msiimalize. Msipande uwanja mzima. Mteja anapita njia moja: geti, kijia, mlango. Pandeni hapo tu. Uani fagieni, inatosha.

Getini wekeni bugenvilea mbili, kulia na kushoto, za rangi moja. Hapo ndipo watu wanapoharibu, ananunua nyekundu, ya chungwa, nyeupe na zambarau, geti linakuwa kama doti ya kitenge. Kwa bati jekundu mimi ningechukua nyeupe au zambarau, nyekundu itapotea. Nunueni iliyokwisha kuchanua kwenye kopo lake. Kijiti cha kuchomeka kitawala miezi na ninyi hamna miezi. Ikishashika msiimwagilie kila siku! Bugenvilea ikishiba maji inatoa majani, ikibaniwa kidogo ndiyo inamwaga maua. Mbolea ya kuku msiipe, itawafanyia kichaka.

Kwenye kijia tafuteni vile viua vifupi vyenye vijani vinene, vinavyofunguka jua likipanda na kujifunga likipungua. Hivyo havinunuliwi. Omba kwa jirani, kata vijiti vya urefu wa kidole, choma mchangani. Mwezi na nusu vimechanua. Changanya na vile vya pinki na vyeupe vya petali tano vinavyojiotea kila mahali huku pwani.

Sasa shimo, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mchanga wetu unameza maji, unamwaga ndoo, ukigeuka pamekauka. Chimba kina cha mkono mpaka kiwiko, upana kama beseni. Tafuta makumbi ya nazi, yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji ya kahawia, halafu yapange chini ya shimo kama unavyopanga sahani, upande wa manyoya juu. Rudishia mchanga uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokaa, ile ambayo hainuki tena. Panda, kisha funika juu kwa majani makavu ya mkorosho. Ukimwagia jioni, keshokutwa ukichokonoa kwa kidole utakuta bado pana unyevu. Nimewafundisha wateja wangu wengi, wavivu ndio wanaorudi kununua miche mingine. (Simlaumu mtu, ndiyo riziki yangu.)

Mlindi Halisi

Niko Lindi. Korosho Ghafi ametania ila la mbuzi ni kweli. Mimi walinimalizia bugenvilea nne mchana mmoja, wakaacha mashina na miiba. Wanajua kula katikati ya miiba kama wana koleo. Ila vile vya pinki vya petali tano hawakuvigusa, vichungu na vina sumu. Hata watoto wenye tabia ya kutafuna majani waangaliwe. Ajabu ni kwamba humohumo wataalamu wamepata dawa ya saratani ya damu.

Kama geti lenu halifungi vizuri, fundi wa geti kwanza.

Mchuno wa Dar (Agosti 11)

Asanteni sana. Dada kasoma uzi wote. Bugenvilea kakubali, tofali keshapata mteja, mstafeli unakatwa kesho. Ila hivyo vya pinki kagoma kabisa, anasema ni vya makaburini, mteja atadhani anauziwa kaburi. Yeye anataka waridi. Anasema nyumba bila waridi siyo nyumba.

MamaVyungu

Mwambie dada waridi siyo la msimu huu wala la mchanga huu. Kusi bado unavuma, unakausha majani kama pasi.

Na hao wateja wa makaburini wapo kweli. Basi aachane na vya pinki, aweke vyeupe vyungu viwili mlangoni.

Fundi Plasta

Naomba niwe mchawi wa uzi huu.

Mwaka juzi nilinunua nyumba hukuhuku Mtwara, mtaa siutaji. Ukuta wa mbele ulifunikwa na maua mpaka dirishani, mke wangu akaipenda kabla hatujaingia ndani. Tukahamia. Mvua za kwanza nikaona chumba cha mbele kinatoa harufu ya uvundo, nikakata yale maua nipate hewa. Nyuma yake ufa wa kuingiza vidole viwili, kutoka kwenye msingi mpaka kona ya dirisha, na plasta imefura kwa chumvi, ukigusa inamwagika kama unga wa muhogo. Fundi mzima nimeuziwa ufa! Nimeuziba kwa mikono yangu mwenyewe, na kila kijiko cha saruji nilikuwa namtaja yule muuzaji.

Kwa hiyo mtu akiniita nimkagulie nyumba, pakiwa na maua mengi ukutani ndipo ninapoanzia.

Na hata kwa nia njema, msipande kwa kubana ukuta. Acheni hatua moja nzima. Ukimwagilia kila jioni pale kwenye msingi, unyevu unapanda kwenye tofali, chumvi inatokeza nje, rangi inabanduka. Udongo ukirundikwa ukutani mchwa nao wanapata ngazi. Miti mikubwa iwe mbali na karo, mizizi inafuata maji machafu.

Dalali Mstaafu

Fundi umenigusa pabaya. Nikiri hapa kwa kuwa hamnijui sura. Zamani nilimshauri muuzaji mmoja aweke chungu cha maua mbele ya doa la unyevu. Mteja alikuja na mkewe, tukazunguka, tukacheka. Wakati wa kutoka yule mama akasogeza chungu kwa ncha ya kiatu, taratibu, akaangalia, akakirudisha palepale. Hakusema neno. Biashara ikafa, na wakaenda kuwaambia wenzao. Kwa lile doa angepunguziwa bei kidogo tu tukamalizana. Sijarudia.

Korosho Ghafi

Kumbe madalali nao wana dhamiri, leo nimejifunza kitu.

Dalali Mstaafu

Tena tunayo ya asilimia kumi.

Mchuno wa Dar (Septemba 14)

Wakuu narudi na mrejesho, siyo mzuri wote.

Bugenvilea zimeshika, zambarau zote mbili, za elfu nane nane. Vya kijia vimeanza kuchanua. Rangi ya chini tayari, kijivu. LAKINI dada hakusikia la mkuu, alinunua waridi sita, elfu kumi kila moja, kapanda kwa makumbi na samadi kama mlivyoelekeza, anamwagilia asubuhi na jioni maji ya kisimani. Ndani ya wiki tatu zimekufa nne. Nimeona picha, majani yameungua pembeni yote kama karatasi iliyopitishwa kwenye mshumaa, katikati bado kijani. Ni mchwa? Ni kusi?

MamaVyungu

Elfu sitini! Nimeumia mimi.

Mchwa anaanzia chini, mche ungelala. Kusi ungeunguza upande mmoja. Jani likiungua ukingoni pande zote ujue ni chumvi. Mwambie dada achote maji ya kisima kwenye glasi aonje. Kisha aweke kidogo kwenye sahani nyeusi juani, yakikauka aangalie kimebaki nini.

Mchuno wa Dar (Septemba 15)

Dada kaonja. Anasema siyo ya bahari ila ukimeza yanabaki ulimini. Sahani ina ukungu mweupe. Tulipokuwa wadogo maji yale tulikunywa, au tulizoea, sijui. Mama alikuwa anasema hayatoi povu, tukadhani ni sabuni mbaya.

Sasa nimekwama. Kwenye tangazo tumeandika "kisima cha maji safi".

Korosho Ghafi

Ng'oa waridi zilizokufa, funga mdomo, uza. Nani anaonja kisima?

Fundi Plasta

Mimi naonja.

Dalali Mstaafu

Badilisha tangazo leo. "Kisima kipo, maji ya kufulia na bustani, ya kunywa ni ya bomba." Nusu ya visima vya pwani viko hivyo na kila mtu wa hapa anajua. Huwezi kupoteza mteja kwa hilo. Utampoteza akihamia, akamwagilia waridi la mkewe.

MamaVyungu

Msikate tamaa, chumvi kidogo siyo kifo. Mbona bugenvilea hazijalalamika? Zinavumilia, na vile vya kijia ndiyo kabisa, kwao ni ufukweni. Vya petali tano pia. Lililokuwa dhaifu hapo ni waridi. Hizo mbili zilizobaki dada azihamishie kwenye vyungu, azipe maji ya bomba, azipeleke kwake Magomeni kivulini.

Kwa hizo nyingine abadilishe mtindo. Asimwage kidogo kidogo kila siku, maji yanakauka chumvi inabaki juu. Mara mbili kwa wiki, amwage mengi yashuke chini, usiku au alfajiri, kwenye shina, asiyarushe kwenye majani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe bure. Ya kufulia yanakubalika kama ni ya sabuni ya kipande, yenye jiki hapana. Na mvua ya kwanza ikinyesha aiache iloweshe, itasafisha.

Binti Mikindani

Mimi naongezea asumini mmoja karibu na mlango, kwenye chungu, maji ya bomba. Jioni harufu yake inafanya kazi ambayo dalali haiwezi. Mleteni mteja saa kumi na moja.

MamaVyungu

Saa kumi na moja vya kijia vimeshajifunga! Ataona vijiti.

Binti Mikindani

Basi picha zipigwe saa tatu asubuhi maua yakiwa wazi, mteja aje jioni asikie asumini. Maua ya kijia atakuwa ameshayaona kwenye simu.

Mlindi Halisi

Mnapanga kama harusi.

Dalali Mstaafu

Binti yuko sahihi kuhusu picha. Simameni nje ya geti likiwa wazi, ua la zambarau lionekane upande mmoja, kijia kiende mpaka mlangoni. Siku ya kupiga picha okoteni maua makavu yote, moja kavu linaonekana kuliko kumi mabichi. Na nguo za dada kwenye kamba zitoke.

Mchuno wa Dar (Novemba 22)

Wakuu, nimesubiri niwe na la kusema.

Baada ya picha mpya wamekuja sita. Wawili ni wa kupita tu. Mmoja, mwalimu, alipenda ila benki haikumpa. Wiki iliyopita akaja mama mmoja, nesi, kahamishiwa hospitali ya kanda pale Mitengo, na mumewe. Dada ananisimulia kwamba mume ndiye alikuwa anaangalia bati na dari. Mama alisimama getini kama dakika tano, akainama, akatoboa mchanga kwa kidole chini ya bugenvilea. Kisha akauliza, namnukuu dada, "Maji mnatoa wapi?"

Nilicheka peke yangu ofisini.

Dada akamwambia kisima kina chumvi, waridi zilikufa, hizi zimeishi. Akampeleka wakachota, mama akaonja, akatema pembeni, akasema ya kwao Kilwa ni makali zaidi. Fundi wao alikuja kesho yake akapitisha mkono ukuta mzima wa mbele, hakukuta kitu. Bei wameshusha, si kwa kiasi cha kutisha, ndugu wanne wamekubali papo hapo na mdogo wetu wa mwisho baada ya siku mbili za kununa. Jana wamesaini kwa mwanasheria.

Kuna kasheshe moja imebaki. Dada jana jioni kaenda na bajaji kachukua vyungu vyote: vyeupe viwili na asumini. Mama nesi kapita leo kuangalia nyumba yake, kanipigia simu kwa upole kabisa, anauliza asumini uko wapi. Anasema ndio uliomleta ndani. Nimempigia dada, anasema asumini ni wake, kaununua kwa hela yake, na waridi zake mbili zimechanua kando yake, hatatenganisha.

Haki ni ya nani hapo?

Fundi Plasta

Kilichoota ardhini ni cha nyumba. Cha kwenye chungu ni samani, kama kochi. Ila kama ulikuwemo kwenye picha ya tangazo, dada ana kesi.

Mchuno wa Dar

Ulikuwemo. Katikati kabisa.

Dalali Mstaafu

Ndiyo maana huwa nawaambia waandike kwenye mkataba vyungu vimo au havimo. Hakuna anayenisikiliza mpaka siku ya bajaji.

MamaVyungu

Ninao asumini hapa kitaluni, chungu cha bluu, una machipukizi tele. Elfu kumi na mbili. Kwa sababu ya uzi huu nitawapa kwa kumi, na nampelekea mama nesi mwenyewe kesho saa kumi na moja jioni. Mchuno tuma hela.

Mchuno wa Dar

Imetumwa. Na ya nauli.